Kizuri Hubebwa: Umaarufu wa Nchi Miongoni mwa Wasafiri na Funzo la Kariokor

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imezoeleka mno masikioni mwa wazungumzaji wa Kiswahili hata ni nadra mtu kusimama na kuihoji. Hata hivyo, ikipimwa kwa mizani ya utalii, methali hii hupwaya. Mlima haujiuzi. Simba hajiuzi. Ngome ya mawe iliyojengwa karne nne zilizopita haina kinywa cha kuwaita wapita njia. Ili kilicho kizuri kijulikane ng'ambo, sharti apatikane wa kukibeba: msimulizi, mwandishi, mpiga picha, mwimbaji, au mtu wa kawaida anayerejea kwao na kikapu mkononi.

Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi nchi inavyopata umaarufu miongoni mwa wasafiri, Kenya ikiwa ndiyo mfano mkuu. Kioo kilichochaguliwa kuumulika mfano huo ni Kariokor, mtaa ulioko upande wa mashariki wa kitovu cha jiji la Nairobi, jirani na Ziwani na Ngara. Yamkini msomaji atashangaa ni kwa nini mjadala wa wanyamapori na majengo mashuhuri uelekezwe kwenye mtaa usiokuwa na mbuga wala mnara. Sababu ni mbili. Kwanza, jina la mtaa huu limetokana na watu waliobeba mizigo ya wengine. Pili, soko lake hutoa sehemu kubwa ya vitu ambavyo wageni huvibeba kwenda kwao kama kumbukumbu ya Kenya. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba umaarufu wa nchi ni mzigo unaobebwa na watu, na kwamba aghalabu wanaoubeba ndio wanaosahaulika.

Utalii na Msafiri

Istilahi zenyewe zina mengi ya kueleza. Kitenzi "kutalii" kina asili ya Kiarabu na huhusiana na kutazama na kuchunguza. Mtalii, kwa maana hiyo, si mpita njia tu bali ni mtazamaji. Nalo neno "safari", ambalo pia lilitoka katika Kiarabu, limepitia historia ya kipekee. Kwa Mswahili, safari ni mwendo wowote wa kutoka mahali hadi mahali pengine: mtu husafiri kwenda mazishini, kwenda kazini au kwenda Makka. Neno hilo lilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 19, lilianza kwa kutaja misafara ya bara iliyokuwa na wapagazi wengi, na hatimaye likafinywa maana hata likabaki kutaja msafara wa kuwinda au kutazama wanyama wa Afrika.

Ufinyu huu wa maana si jambo dogo. Unaonyesha kwamba msafiri wa mbali hafiki katika nchi akiwa na akili tupu. Huja tayari na picha aliyopewa na wengine, kisha hutafuta mambo yanayolingana na picha hiyo. Anayetoka London au Chicago akisema kwamba anaenda safari, hana haja ya kufafanua kwamba anaenda kuwatazama tembo. Kwa hiyo, swali la msingi si kwamba nchi ina nini, bali ni nani aliyesimulia kuhusu alichokiona humo, alimsimulia nani, na alichagua kunyamazia nini.

Wabebaji wa Habari

Umaarufu wa Afrika Mashariki miongoni mwa wasafiri ni wa kale kuliko kamera na ndege. Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, aliipitia pwani ya Waswahili mnamo mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa. Maelezo yake kuhusu Kilwa yaliufanya mji huo usomwe na watu ambao hawakuwahi kuiona Bahari ya Hindi. Leo magofu ya Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, na kila anayeyaeleza humtaja msafiri huyo.

Fasihi ya Kiswahili nayo ilibeba mzigo wa namna hiyo. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir umeihifadhi fahari ya Pate kuliko kuta za Pate zenyewe. Majumba yaliporomoka, biashara ikahama, lakini jina la mji likabaki hai katika vinywa vya wasomaji wa ushairi. Si lazima kitu kiwe kizima ndipo kiwe maarufu. Kinachohitajika ni mtu wa kukisema.

Katika karne ya 19 wabebaji wa habari walikuwa wamishenari na wapelelezi wa Kizungu. Mnamo tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849, mwenzake Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui. Habari hizo zilipofika Ulaya, baadhi ya wanajiografia walizikejeli, kwani hawakuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Kilimanjaro chenye mita 5,895 na Mlima Kenya wenye mita 5,199 vilikuwapo pale pale, vikionekana na wenyeji kila asubuhi, lakini katika macho ya ulimwengu wa mbali havikuwapo hadi vilipoandikwa.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba Rebmann aliongozwa na kiongozi wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri, naye Krapf alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara maarufu wa Ukambani. Jina lenyewe la nchi lina alama ya ukarimu huo. Wakikuyu huuita mlima ule Kirinyaga. Umbo la Kikamba, Kiinyaa, ndilo linalodhaniwa na wengi kuwa chimbuko la umbo "Kenya" lililoandikwa na mgeni. Mnamo mwaka 1920, koloni zima likapewa jina hilo. Hivyo, kabla mtalii yeyote hajaitamka Kenya, palikuwapo mwenyeji aliyemtamkia mgeni.

Hali kadhalika, hapana msafara uliosonga bila wapagazi. Sidi Mubarak Bombay alisafiri na Burton, Speke, Stanley na Cameron, na mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kikamtunuku nishani ya fedha. Susi na Chuma waliubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo baada ya kifo chake mwaka 1873. Hawa watatu wamebahatika kutajwa. Maelfu wengine walibeba vitanda, hema, bunduki na vitabu vya watu waliokuja kuwa mashuhuri, na majina yao hayakuandikwa popote.

Wanyama na Hadithi Zao

Ukimwuliza mgeni kilichomleta Kenya, jibu la kwanza huenda likawa wanyamapori. Jibu hilo ni la kweli, ila halijakamilika. Wanyama walikuwapo karne na karne. Umaarufu wao duniani una tarehe zake.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa na kuanza msafara wa kuwinda uliokuwa na wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500. Kitabu chake kuhusu msafara huo kilitoka mwaka 1910 na kuifanya Afrika Mashariki ya Waingereza iwe ndoto ya matajiri wengi. Ernest Hemingway alifuata mwaka 1933, naye akaandika. Ni katika mazingira hayo ya uwindaji ambapo iliibuka orodha ya "wanyama watano wakubwa": simba, tembo, chui, nyati na kifaru. Watalii wengi hudhani kwamba watano hawa waliteuliwa kwa uzuri au ukubwa wao. La hasha. Waliteuliwa kwa sababu walikuwa wagumu na wa hatari kuwindwa kwa miguu. Ndiyo maana twiga, aliye mrefu kuliko wote, hakuingia. Orodha iliyoandikwa na bunduki ndiyo ambayo mtalii wa leo huikamilisha kwa kamera.

Baada ya bunduki kukaja mwelekeo mwingine. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ikawa ya kwanza nchini, nayo Tsavo ikafuata mwaka 1948. Mwaka 1960 Joy Adamson alichapisha kisa cha Elsa, simba jike aliyelelewa na watu kisha akarudishwa porini. Filamu yake ilitoka mwaka 1966. Simba akabadilika, akawa mhusika mwenye jina na huruma. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Mnamo Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha moto rundo la tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi, na picha ya moto ule ikazunguka ulimwengu. Mwaka 2016, chini ya Rais Uhuru Kenyatta, zikateketezwa tani 105. Mioto hiyo ilikuwa sera, lakini ilikuwa pia usimulizi: nchi ilijieleza mbele ya walimwengu kwa ishara ambayo haikuhitaji tafsiri.

Mfano wa mwisho katika sehemu hii ni uhamaji wa nyumbu baina ya Serengeti na Maasai Mara. Nyumbu zaidi ya milioni 1 wamekuwa wakihama kufuata mvua tangu zamani. Hata hivyo, ni mwezi Novemba mwaka 2006 ambapo kipindi cha televisheni cha Marekani kiliuingiza uhamaji huo katika orodha yake ya maajabu mapya ya dunia, na tangu hapo sifa hiyo haijakauka katika matangazo ya utalii. Nyumbu hawakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mtangazaji.

Majengo na Maneno

Majengo nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa shabaha ya vita, si ya utalii. Leo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2011, kama ulivyokuwa Mji Mkongwe wa Lamu kabla yake, mwaka 2001. Jijini Nairobi, jumba la mikutano la KICC lilikamilika mwaka 1973 na kupokea mwaka huo huo mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia. Mnara wake wenye urefu wa mita 105 ulibuniwa na msanifu Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway pamoja na David Mutiso, Mkenya. Noti zote zilizotolewa mwaka 2019 zina picha ya jumba hilo. Jengo limekuwa muhuri: likionekana, nchi nzima hutajwa.

Lakini kwa wanafunzi wa Kiswahili, mbebaji wa ajabu zaidi ni lugha. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilirekodi wimbo wa "Jambo Bwana" uliokusudiwa kuwafurahisha wageni wa hoteli za pwani. Kwa mamilioni ya wageni, wimbo huo umekuwa somo la kwanza na la mwisho la Kiswahili. Miaka 12 baadaye, filamu ya katuni ya Disney kuhusu simba iliusambaza usemi "hakuna matata" pote duniani, na mwaka 2003 usemi huo ukasajiliwa Marekani kama alama ya biashara ya mavazi. Mwaka 2018 waraka wa kupinga usajili huo uliwekwa saini na makumi ya maelfu ya watu. Jambo linalofanana na hilo liliwahi kutokea Uingereza mnamo mwaka 2007, pale kampuni moja ilipotaka kulisajili jina la kikoi. Ombi hilo lilipingwa na halikufaulu. Mifano hii inadhihirisha kwamba umaarufu ukishabebwa mbali, mwenye mali anaweza kuambiwa kwamba mzigo si wake tena.

Kariokor: Jina Lililobebwa

Hapa ndipo Kariokor inapopata mahali pake katika mjadala. Jina la mtaa huu limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, yaani Carrier Corps. Katika matamshi ya Kiingereza, herufi mbili za mwisho za neno la pili hazisikiki; masikio ya Waswahili yalipokea kitu kama "karia-ko". Nairobi ikaandika Kariokor, ikiibakiza r ya maandishi ya Kiingereza. Dar es Salaam, ambako wapagazi hao pia waliwekwa, ikaandika Kariakoo, kwa kufuata kawaida ya Kiswahili ya kumalizia neno kwa irabu. Ni neno moja lenye nguo mbili.

Vita hivyo vilipiganwa katika Afrika Mashariki kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918, majeshi ya Waingereza yakilifukuza jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota mizigo. Kilichobakia ni mabega ya watu. Kila mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi: risasi, unga, dawa na mali za maafisa. Upande wa Uingereza pekee, wapagazi walioandikishwa katika nchi mbalimbali walizidi 400,000. Wengi hawakujitolea, walikamatwa vijijini kupitia kwa machifu, hasa katika msako mkubwa wa mwaka 1917. Makadirio ya waliokufa huzidi 90,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, kichomi na njaa.

Kambi ya wapagazi wa Nairobi ilikuwa mahali palipo Kariokor ya leo. Vita vilipokwisha, baadhi yao walibaki hapo, na baadaye baraza la mji likajenga makao ya wafanyakazi wa Kiafrika. Ukumbusho wa wapagazi haukuwekwa mtaani. Ulijengwa katikati ya jiji, katika barabara ambayo leo huitwa Kenyatta Avenue, nao ulizinduliwa mwaka 1928: sanamu za shaba za watu watatu, mmoja wao akiwa mpagazi, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Maandishi yake, ambayo yamo pia katika Kiswahili, huwafananisha wapagazi na mikono na miguu ya jeshi. Ni sifa nzuri, ila mikono na miguu haina majina. Mwezi Aprili mwaka 2021, ripoti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa wakiutumikia utawala wa Uingereza katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Msafiri anayezuru Nairobi huweza kuipita sanamu hiyo akielekea hotelini, na huweza kusikia kondakta wa matatu akiita "Kariokor", asijue kwamba sanamu na jina hilo ni ndugu. Wapo wakazi wengi wa Nairobi ambao hali yao ni hiyo hiyo.

Kariokor: Soko Linalobeba

Soko la Kariokor linajulikana kwa mambo matatu: nyama choma, viatu na vyondo. Viatu ni vya namna mbili. Kuna akala zinazokatwa kutoka matairi makuukuu, na kuna kandambili za ngozi zinazopambwa kwa shanga. Lakini kitu kilichosafiri mbali zaidi ni kiondo.

Kiondo ni kazi ya mikono ya wanawake, hasa wa Ukambani na wa nchi ya Wakikuyu. Hata umbo la neno linaonyesha udugu wa lugha za Kibantu: Kiswahili husema kiondo na vyondo, Kikuyu kĩondo na ciondo, Kikamba kyondo na syondo. Zamani nyuzi zilitokana na magome ya vichaka na mibuyu. Baadaye katani ikatawala. Mwanamke husokota uzi kwa kuuviringisha pajani, hutia rangi, kisha huanza kusuka kutoka kitako kwenda juu. Kazi hii hufanywa katikati ya shughuli nyingine, njiani au penye mkutano wa kikundi, na kiondo kimoja huweza kuchukua siku nyingi. Vyondo vinapofika Kariokor, mafundi huvitia mikanda ya ngozi, bitana na vifungo, almuradi vikidhi matakwa ya mnunuzi wa mjini au wa ng'ambo.

Kutoka hapo safari hugawanyika. Vingine huuzwa papo hapo. Vingine hununuliwa na wachuuzi wa katikati ya jiji, na vingine hupelekwa katika kile kinachoitwa Soko la Wamasai, soko la vinyago na mapambo linalohamahama kutoka mahali hadi mahali kwa siku tofauti za wiki. Hapo ndipo kejeli ya umaarufu hujitokeza wazi. Kiondo kilichosukwa na Mkamba na kukamilishwa na fundi wa Kariokor hununuliwa kama kitu cha Kimasai, kwa kuwa Mmasai ndiye aliyebebwa na vitabu, filamu na kadi za posta kama sura ya Kenya. Mgeni hakudanganya wala muuzaji hakuiba. Ni picha iliyotangulia ndiyo iliyomeza majina mengine.

Utegemezi huu una hatari zake. Wageni wa kimataifa walioingia Kenya mwaka 2019 walizidi milioni 2. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, walipungua hadi chini ya 600,000. Mbuga zilikosa wageni na hoteli zikazima taa, na hayo yaliandikwa magazetini. Lakini msukaji wa Machakos na fundi wa ngozi wa Kariokor wamo katika mnyororo huo huo, ijapokuwa hawahesabiwi kama watu wa utalii. Kwa upande mwingine, marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017 iliwakumbusha Wakenya thamani ya kikapu cha nyuzi. Mnunuzi wa nyumbani ni ngao dhidi ya misimu mibaya ya utalii. Soko linalowategemea wageni peke yao hujengwa juu ya mchanga.

Ulinganisho na Kariakoo

Huenda msomaji akauliza: je, jina lenye asili ya huzuni laweza kuwa maarufu kwa wema? Ndugu pacha wa Kariokor hutoa jibu. Kariakoo ya Dar es Salaam ina soko ambalo jumba lake lilibuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970. Jumba hilo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na habari ya moto huo ikaenea kote Afrika Mashariki kwa kuwa soko lenyewe lilikuwa limekwisha kujulikana. Zaidi ya hayo, klabu za Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, ya mwaka 1936, zina mizizi yake hapo, na pambano lao huitwa Dabi ya Kariakoo. Mashabiki wa soka barani hulitaja jina la kikosi cha wapagazi bila kujua.

Kwa nini pacha mmoja akajulikana kuliko mwingine? Kariakoo ilipata wasimulizi wa kudumu: watangazaji wa redio, waimbaji, mashabiki na wafanyabiashara wanaofika kutoka nchi jirani. Kariokor ya Nairobi haikukosa uzuri, bali ilikosa mtu wa kuusema kwa sauti. Hata hivyo, katika miji yote miwili umaarufu wa soko haukuwarejesha wapagazi katika kumbukumbu. Kujulikana kwa jina si sawa na kujulikana kwa kisa cha jina.

Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba nchi haiwi maarufu kwa sababu tu ina simba, theluji au ngome. Huwa maarufu kwa sababu pana watu waliobeba habari za vitu hivyo: Ibn Battuta kwa kalamu, Roosevelt kwa bunduki na kitabu, waimbaji wa Mombasa kwa gitaa, na mgeni asiyejulikana kwa kiondo begani. Imebainika pia kwamba nyuma ya kila msimulizi aliyetajwa walikuwapo wengine wasiotajwa, kuanzia Bwana Kheri na Kivoi hadi wapagazi wa mwaka 1917 na wasukaji wa leo.

Kutokana na hayo, yapo mambo ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuyafanya bila kungoja wizara. Masimulizi ya familia zilizokaa Kariokor kwa vizazi vitatu au vinne yanaweza kurekodiwa kabla wazee hawajaondoka. Asili za majina ya mitaa zinaweza kufunzwa shuleni kama sehemu ya somo la maneno ya mkopo. Kiondo kinaweza kuuzwa kikiwa na kijikaratasi chenye jina la msukaji na kijiji chake, kwa Kiswahili kwanza. Na mahali palipokuwa kambi panaweza kuwekwa bamba la kueleza ni nani waliolala hapo kabla ya kupelekwa vitani.

Si mambo mageni kwa lugha hii. Mnamo mwaka 1901 kilichapishwa kitabu cha Safari za Wasuaheli, ambamo Waswahili wenyewe walisimulia safari zao, mmoja wao hadi Urusi na Siberia. Waswahili, basi, wamewahi kuwa watazamaji na wasimulizi, wala hawakuwa watazamwa tu. Methali ya kizuri chajiuza itaendelea kutumiwa, na ina hekima yake mahali pake. Ila Kariokor inatufunza kuiongezea neno: kizuri hubebwa, na aliyekibeba ana jina.